Ekari ya Mtoto: Historia ya Klabu za Vijana wa Shambani kutoka Ohio hadi Kenya

Klabu ya vijana wa vijijini, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni chama cha hiari cha watoto na vijana wa umri wa kati ya miaka 10 na 20 hivi, wanaokutana chini ya uangalizi wa mtu mzima, kila mmoja akiwa na mradi wake wa kilimo, ufugaji au kazi ya nyumbani, na ambao mwisho wa msimu huonyesha matokeo ya mradi huo mbele ya watu. Maana hii inaziacha nje taasisi nyingi za vijana ambazo Afrika Mashariki ilikuwa nazo tangu zamani, kama vile elika ya Wasukuma, yaani kundi la vijana waliolima mashamba ya watu huku wakiimba na kushindana, pamoja na vikundi vya kusaidiana kazi vya mwethya kwa Wakamba na ngwatio kwa Wakikuyu. Taasisi hizo zilikuwa na viongozi, nidhamu na hata mashindano makali kuliko ya klabu nyingi za kisasa, lakini zao lilikuwa la mwenye shamba, wala hapakuwa na mtaalamu wa serikali aliyesimama kando ya tuta na daftari mkononi. Swali la nani mwenye zao ndilo litakaloongoza historia inayofuata, kwa sababu shughuli za klabu zimefanana sana kutoka nchi hadi nchi, ilhali faida aliyoipata mwanachama imetofautiana mno.

Klabu za aina hii zilizaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na hazikuzaliwa kwa huruma juu ya watoto. Vyuo vikuu vya kilimo, vilivyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ya umma ili mapato yake yaendeshe elimu ya juu ya kilimo na ufundi, vilikuwa vimekusanya maarifa mengi kuhusu mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea, lakini wakulima wazee hawakuyataka, kwa kuwa walimwona mtu wa chuo kuwa ni mtu wa vitabu asiyejua jembe. Katika kaunti ya Macoupin, jimbo la Illinois, mratibu wa mikutano ya wakulima, Will Otwell, alipochoka kuhutubia viti vitupu aligawa mbegu bora za mahindi kwa wavulana 500, akawaahidi zawadi kwa mavuno yatakayoshinda, na baba zao waliokuwa wakiikwepa mikutano wakaja kwa wingi kutazama mahindi ya wanao. Mtoto, kwa hiyo, aliingia katika historia hii kama mlango wa kumpitia baba, na itachukua muda kabla ya kuhesabiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mgeni anayekaribishwa.

Mwaka unaotajwa zaidi kuwa mwanzo rasmi ni 1902. Tarehe 15 Januari ya mwaka huo, A. B. Graham, aliyekuwa msimamizi wa shule za kata ya Springfield katika kaunti ya Clark, jimbo la Ohio, aliwakutanisha wavulana na wasichana wapatao 30 katika chumba cha chini cha jengo la serikali ya kaunti. Kazi walizopewa zilikuwa ndogo na zenye kupimika: kupanda mahindi ya mbegu teule, kutunza bustani za mboga na maua, na kupima asidi ya udongo wa mashamba ya nyumbani kwa karatasi ya litmasi, ambayo hubadilika rangi inapoguswa na asidi. Kipimo hicho cha karatasi kilikuwa na siri yake, maana mtoto alirudi nyumbani akiwa na jambo ambalo baba yake hakulijua kuhusu shamba la baba yake mwenyewe, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kiliona haraka thamani ya mjumbe wa namna hiyo, kikaanza kuziunga mkono klabu za Graham kwa mbegu na maelekezo.

Katika majimbo ya Kusini msukumo ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu huko zao la pamba lilikuwa likiangamizwa na fukusi wa vitumba, mdudu aliyevuka mpaka kutoka Meksiko katika miaka ya 1890. Seaman Knapp, mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikuwa ameanzisha mwaka 1903 shamba la mfano huko Terrell, Texas, ambapo mkulima wa kawaida alilima kwa mikono yake mwenyewe kwa kufuata maelekezo, ili majirani wamwamini mwenzao badala ya kumwamini ofisa. Wazo hilo lilihamishiwa kwa watoto mwaka 1907, wakati William Hall Smith, msimamizi wa shule za kaunti ya Holmes, Mississippi, alipounda klabu ya mahindi ya wavulana, na Wizara ikamwandikisha kuwa mshiriki wake kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka, kiasi kilichotosha kumfanya mtumishi wa serikali kwenye karatasi na kumpa haki ya kutuma barua bila stempu.

Kanuni za klabu hizo za mahindi zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimofichwa elimu yenyewe. Mwanachama, mvulana wa miaka 10 hadi 18, alitakiwa kulima ekari moja kwa mikono yake. Alama zake 100 hazikutolewa kwa mavuno peke yake: 30 zilikuwa za wingi wa mavuno, 30 za faida, 20 za maonyesho ya mahindi kumi yaliyochaguliwa, na 20 za maelezo aliyoyaandika mwenyewe kuhusu jinsi alivyolima. Ili faida ijulikane, mvulana aliyelima shamba la baba yake kwa farasi wa baba yake alilazimika kujiandikia gharama kana kwamba amekodi kila kitu, yaani dola 5 za kodi ya ekari, senti 10 kwa kila saa ya kazi yake mwenyewe na senti 5 kwa kila saa ya farasi. Wakulima wengi wazima wa wakati huo hawakuwa wamewahi kuihesabu saa yao ya kazi kuwa ni fedha, na si ajabu kwamba baadhi ya madaftari ya watoto yalionyesha kwa mara ya kwanza kuwa shamba la familia lilikuwa likila kuliko linavyotoa.

Mwaka 1910 mvulana wa miaka 15 wa Carolina Kusini, Jerry Moore, alivuna busheli 228 na robo tatu katika ekari moja, kiasi ambacho kwa vipimo vinavyofahamika Afrika Mashariki ni zaidi ya magunia 60 ya kilo 90, katika nchi ambayo wastani wake haukufika busheli 30 kwa ekari. Habari hiyo ilienea magazetini, na mabingwa wa majimbo wakapelekwa Washington kama zawadi. Hata hivyo, mavuno ya bingwa mmoja aliyemwagiwa mbolea na uangalizi wa kila siku hayakuwa kipimo cha haki cha kile ambacho mkulima wa kawaida angeweza kukifikia, na waandishi wa historia ya klabu hizi wamekuwa wepesi mno kuitaja ekari ya Moore na wazito kuuliza gharama yake.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba maonyesho yenyewe yalipotosha kwa muda mrefu. Waamuzi wa siku hizo waliyapanga mahindi kumi mezani, wakatafuta mistari iliyonyooka, ncha iliyojaa punje na ukubwa unaolingana, kwa kuamini kuwa hindi zuri kwa macho huzaa sana shambani. Huko Iowa, kijana mmoja mwenye mashaka, Henry A. Wallace, alipanda punje za mahindi yaliyosifiwa na mwamuzi mashuhuri Perry Holden, kila hindi katika mstari wake, akapima mavuno na kukuta kuwa uzuri wa hindi haukuwa na uhusiano wa maana na mavuno, na baadhi ya yale mazuri kabisa yalitoka mkia. Wallace huyo ndiye baadaye aliyeanzisha kampuni ya mbegu chotara na kuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1941 hadi 1945. Klabu zilimfundisha mtoto kupima, na mtoto aliyepima kweli aliweza kuwaumbua waamuzi wake.

Wasichana walikuwa na njia yao. Mwaka huohuo wa 1910 mwalimu Marie Cromer wa kaunti ya Aiken, Carolina Kusini, aliwaandikisha wasichana 47 katika klabu ya nyanya, kila mmoja akilima sehemu ya kumi ya ekari, kisha akijifunza kuzimenya nyanya, kuzichemsha na kuzifunga katika makopo kwa usafi uliowezesha kuuzwa dukani. Katika jamii ambamo binti wa mkulima mara nyingi hakuwa na senti inayoitwa yake, makopo hayo yalileta fedha zilizolipia sare, vitabu na karo, na baadhi ya wazazi hawakufurahishwa na binti aliyeanza kuwa na mfuko wake. Kwa uamuzi wa haki, klabu za nyanya zilibadilisha maisha ya wanachama wake kuliko klabu za mahindi, ingawa ni za mahindi zilizopata sifa.

Sheria ya Smith-Lever, iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson tarehe 8 Mei 1914, iliyaunganisha mambo haya yote chini ya huduma za ugani, yaani utaratibu wa kuwafikishia wakulima maarifa ya chuo kwa kupitia ofisa anayekaa katika kaunti yao na kulipwa kwa pamoja na serikali kuu, jimbo na kaunti. Kwa mara ya kwanza klabu ya kijijini ilikuwa na mtumishi wa kudumu ambaye hakuondoka mwalimu alipohamishwa. Nembo nayo ilikuwa imeshapatikana: jani la klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ambalo mwalimu Jessie Field wa Iowa alilitumia kwanza likiwa na vijani vitatu kama beji ya wanafunzi wake, na ambalo baadaye liliongezewa kijani cha nne ili kila kimoja kibebe herufi H ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Kutokana na herufi hizo klabu zikaitwa 4-H, jina lililoenea katika miaka ya 1920. Mwaka 1927 wajumbe vijana walikusanyika kwa kambi ya kwanza ya kitaifa mjini Washington, wakapiga mahema karibu na majengo ya Wizara ya Kilimo, na huko ahadi ya wanachama ikapitishwa, ambayo mwaka 1973 iliongezewa neno la kuutumikia ulimwengu baada ya klabu, jamii na nchi.

Kadiri miaka ilivyokwenda, orodha ya shughuli ilipanuka kupita shamba. Mwanachama wa miaka ya 1930 aliweza kuchagua ndama, nguruwe au kuku, ushonaji, upishi, useremala au utunzaji wa misitu, lakini pia alilazimika kujifunza kuendesha mkutano kwa kanuni, kuandika kumbukumbu za kikao na kusimama mbele ya hadhira kueleza kazi yake kwa vitendo, na wengi waliokuja kuwa viongozi wa vyama vya ushirika walianzia katika mikutano hiyo ya watoto. Kuanzia mwaka 1948 vijana wa mashambani walipelekwa ng'ambo chini ya mpango wa kubadilishana, wakikaa na familia za wakulima na kufanya kazi zao, na familia za Kimarekani zikiwapokea wageni kwa utaratibu huohuo.

Nafasi hizi, hata hivyo, hazikuwa za wote. Katika majimbo ya Kusini ubaguzi wa rangi uligawanya klabu kama ulivyogawanya shule. Sheria ya 1914 iliyaachia mabunge ya majimbo uamuzi wa chuo kipi kipokee fedha za ugani, na mabunge ya Kusini yakavipa vyuo vya wazungu, huku maofisa weusi, kuanzia Thomas Campbell aliyeajiriwa mwaka 1906 akifanya kazi kutoka Taasisi ya Tuskegee, wakihudumia watu wengi kwa vifaa vichache. Vijana weusi wa Kusini hawakuwakilishwa katika kambi ya Washington, na mwaka 1948 waliandaliwa kambi yao ya kikanda katika Southern University, Baton Rouge, Louisiana. Utengano huo ulianza kuvunjwa rasmi baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Ni kupitia mkondo huo wa elimu ya Wamarekani weusi, si ule wa klova, ambapo fikra hizi ziligusa Kenya kwanza. Mfuko ulioachwa na Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia, uliwalipa walimu weusi waliozunguka shule za vijijini wakifundisha bustani, usafi na kazi za mikono, na ambao pia waliongoza klabu za wasichana za kuhifadhi vyakula. Tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, miongoni mwa wajumbe wake akiwemo James Aggrey wa Gold Coast, ilipendekeza mfano huo, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kuwaandaa walimu wazungukaji na wake zao. Mashamba ya mfano, vyoo bora, mabanda ya kuku na bustani za shule vilienea kutokana na kazi yao.

Tofauti na Ohio inaonekana hapa waziwazi. Mvulana kama Jerry Moore alilima zao ambalo soko lililihitaji na ambalo baba yake aliruhusiwa kulima; mwanafunzi wa Kabete alifundishwa kilimo bora katika koloni ambako, isipokuwa sehemu chache kama Kisii na Meru, Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa kwa ajili ya kuuza hadi mabadiliko ya miaka ya 1950. Wazazi wengi walihitimisha, na haikuwa vigumu kuhitimisha hivyo, kwamba elimu ya jembe ilikusudiwa kumfunga mtoto shambani, na shule huru za Wakikuyu zilizoanzishwa tangu mwisho wa miaka ya 1920 zilidai Kiingereza na masomo ya darasani badala ya bustani. Chuki dhidi ya kilimo cha shuleni, ambayo maofisa wa baadaye walizoea kuiita uvivu wa vijana, ina mizizi katika hesabu hiyo sahihi ya wazazi.

Mkondo wa pili ulitoka Uingereza. Mwaka 1921, katika kijiji cha Hemyock, Devon, kampuni ya maziwa iliwapa watoto wa wakulima ndama wa kulea, kwa nia ya kuboresha mifugo na usafi wa maziwa yaliyofika kiwandani, na klabu hiyo ikawa ya kwanza kati ya Klabu za Wakulima Vijana ambazo zilipata shirikisho la kitaifa mwaka 1932. Jina hilo ndilo lililokita mizizi nchini Kenya katika shule za sekondari, chini ya ulezi wa Chama cha Kilimo cha Kenya, chombo kilichoasisiwa na walowezi mwaka 1901 na ambacho maonyesho yake ya kila mwaka katika Jamhuri Park, Nairobi, na katika miji mingine yamekuwa kwa wanafunzi wengi safari ya kwanza ya kutoka wilayani kwao. Banda la wakulima vijana, lenye viraka vya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi tofauti, sungura katika vizimba na mwanafunzi anayeeleza kwa kijiti mkononi, limebaki picha inayojulikana ya maonyesho hayo.

Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mkondo wa Kimarekani ulirudi kwa sura mpya, safari hii kwa Kiswahili. Klabu za 4-K, ambazo jina lao linatokana na maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianzishwa chini ya Wizara ya Kilimo kwa watoto wa umri wa shule ya msingi, zikiwa na mabwana shamba na walimu kama walezi. Shughuli zao zilikuwa za kawaida na za manufaa: vitalu vya miche ya miti, matuta ya sukuma wiki na vitunguu, mboji, kuku, sungura na nyuki. Ikilinganishwa na chanzo chake, hata hivyo, 4-K ilibadilisha jambo moja kubwa, kwani ardhi ilikuwa ya shule na mavuno kwa kawaida yalikuwa ya shule au ya klabu, yakienda kwenye chakula cha mchana au kwenye mfuko wa pamoja. Katika wilaya ambamo familia ilikuwa na ekari mbili, baba angempaje mtoto ekari moja nzima? Badiliko hilo lilikuwa na sababu, na hata lilipatana na maadili ya ujima, lakini liliiondoa ile hesabu ya faida iliyokuwa moyo wa klabu za mahindi.

Tanzania ilipita njia inayofanana nayo baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ambao ulitaka kila shule iwe na shamba na wanafunzi washiriki katika kuamua matumizi ya mapato yake. Sehemu ya kulima ilitekelezwa kwa bidii. Sehemu ya kuamua ilitekelezwa kwa nadra, na mahali pengi shamba la shule likageuka kuwa adhabu ya waliochelewa.

Nchini Kenya 4-K ilififia kadiri huduma za ugani zilivyopunguziwa fedha na kilimo kilivyopoteza uzito katika mitihani ya msingi, kwa kuwa klabu isiyo na bwana shamba wa kuitembelea hubaki kibao kwenye lango la shule. Mwezi Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizizindua upya, sambamba na mtaala mpya unaompima mwanafunzi kwa vitendo. Uzinduzi huo ulileta bustani za viroba na za wima, ambazo hazihitaji ardhi kubwa, na kwa hiyo umefungua tena uwezekano uliokosekana mwaka 1962, wa kila mtoto kuwa na mradi wake binafsi nyumbani na daftari lake la gharama na mapato.

Historia ya klabu za Marekani inajulikana vizuri kwa sababu ofisi za kaunti na vyuo vikuu vilihifadhi madaftari ya watoto, hata leo mtafiti anaweza kusoma saa za farasi za mwaka 1911. Kwa upande wa 4-K kazi hiyo haijafanywa ipasavyo, ilhali waliokuwa wanachama katika miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee. Idara za historia, walimu na maofisa wa kaunti wanapaswa kuwahoji na kukusanya vyeti, picha na madaftari yaliyobaki, kabla watu hao hawajaondoka na kumbukumbu zao.